Neno Nililoandika Kuhusu Mama Bwire

Kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ingawa kwa mtu aliyekuwa akipita njia haikuwa na jambo kubwa. Jua lilikuwa kali, dagaa walikuwa wanakauka, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari magotini, naandika polepole kama kawaida yangu. Niliandika sentensi moja ambayo haikuwa yangu. Sentensi hiyo ilimtesa mama wa watu hadi akakaribia kupotewa na akili.

Nakusimulia si kwa sababu napenda kuikumbuka. Nakusimulia kwa sababu nilitoka salama katika kosa lile, na waliomtoa mtu salama hawapaswi kusahauliwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, nikarudi nyumbani Pasiansi kumsaidia mama. Kama unaniona mpole sasa, wakati ule nilikuwa mara mbili ya hivi. Nikitumwa dukani nilisubiri hadi wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka. Kitu kimoja tu kilinipa moyo, nacho ni mwandiko wangu. Nilichora kila herufi kama mtu anayeshona, na mwalimu wetu alizoea kuningoja mimi wa mwisho kukusanya daftari, lakini akilifungua hakuwa na la kusema.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinajengwa kando ya ziwa, malori yalikuja kutoka mbali, na watu waliozoea kupanga foleni ya sukari wakaanza kuambiwa wajiajiri. Kila mahali watu waliunda vikundi, na kila kikundi kilitakiwa kiwe na mwenyekiti, katibu, muhuri na daftari la muhtasari wa mikutano. Kwenye mwalo wetu, yaani pale mitumbwi ilipofikia na kushusha samaki, akina mama waanikaji wa dagaa waliunda chao. Walikuwa kama thelathini, Wasukuma wengi, Wajita na Wakerewe, na Wajaluo wawili. Wengi hawakuwa wamesoma, na waliosoma hawakuwa na subira ya kuandika. Wakanichagua mimi niwe katibu. Wakanitania kwamba wamepata katibu asiyeweza kuwagombeza.

Mwenyekiti alikuwa mwanamume, Bwana Ndaki. Alikuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika kabla hakijafilisika, na akina mama walimtaka kwa sababu alijua mambo ya ofisi na aliweza kuzungumza na watu wa halmashauri bila kutetemeka. Alivaa suruali iliyopigwa pasi hata katikati ya magamba ya samaki. Alipoongea ulisikia kama redio inasoma taarifa ya habari.

Sasa nikueleze kuhusu jabali. Akina mama wengi walianika dagaa kwenye nyavu kuukuu zilizotandikwa juu ya mchanga. Upepo ukivuma, mchanga unaingia, na anayekula anausikia kwenye meno. Lakini karibu na barabara palikuwa na jabali kubwa, bapa kama meza, na dagaa walioanikwa pale walikauka kabla ya saa tisa, safi, wanang'aa. Jabali hilo lilikuwa la Mama Bwire. Hakulinunua, hakuna anayenunua jabali. Alilikuta limejaa kinyesi cha ndege na ukoga, akalisugua kwa mchanga na maji siku baada ya siku, miaka mingi kabla kikundi hakijaundwa, na kila mtu akazoea kusema jabali la Mama Bwire. Alikuwa Mjita kutoka Majita, mjane, mama wa watoto wanne, mwenye sauti nene na kicheko kinachofika kwenye mitumbwi.

Wiki moja mvua zilisumbua, dagaa wakaanuliwa mbiombio na kutiwa kwenye magunia wakiwa na mchanga chini. Akaja mnunuzi kutoka Sirari, kule mpakani. Alipokuwa anapapasa magunia, akamuuliza Mama Bwire kama ni mazuri. Naye akamwambia ukweli. Mnunuzi akachukua magunia machache, akaacha mengine. Basi, hayo ndiyo yaliyotokea, hakuna kingine.

Mkutano ulifanyika Jumamosi, kwenye kivuli cha ukuta wa ghala la pale mwaloni. Mama Limi, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye maneno mengi, ndiye aliyeanza.

"Mwenyekiti, huyu Mama Bwire anatuharibia. Mtu kaja na hela zake, kashika gunia, yeye anamwambia, 'Ya chini yana mchanga, mwanangu, chukua ya juu.' Nani kamtuma?"

"Aliniuliza," Mama Bwire akasema. "Nimdanganye?"

"Ungejifanya umesikia mtoto analia, ukaondoka."

"Watoto wangu wameshaota ndevu, Mama Limi. Angeamini?"

Watu wakacheka, hata Mama Limi. Walilalamika kidogo, mmoja akasema wakati mwingine wanunuzi wapelekwe kwa mwenyekiti kwanza, mwingine akauliza lini turubai zitanunuliwa. Mama Bwire akasema kama aliwakosea wamsamehe. Mimi niliona limekwisha.

Watu walipoanza kutawanyika, Bwana Ndaki akaja akasimama karibu na ndoo yangu. Akasema niandike, na akanisomea taratibu, kwa sababu alijua siandiki haraka: Mjumbe Mama Bwire amefanya hujuma dhidi ya uchumi wa kikundi kwa kushirikiana na watu wa nje.

Nikaishika kalamu bila kuandika. Nikauliza, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, "Niandike hivyo hivyo?"

"Katibu, muhtasari una lugha yake," akasema. "Hatuandiki kama watu wanavyoongea wakiparua samaki. Na wewe una mkono mzuri. Wenye mkono kama huu hukaa ofisini, si hapa."

Mwanangu, hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo kama hilo. Nikaandika. Niliichora hujuma vizuri mno, ile j yake na mkia wake. Kisha, kama desturi yetu ilivyokuwa, nikanakili kwenye karatasi nyingine na kuibandika kwenye mlango wa ghala.

Wewe hukulikuta neno hilo likiwa na makali yake. Wazazi wetu walilisikia redioni miaka ya nyuma kidogo, wakati watu walipofukia sabuni na sukari ardhini kwa kuogopa kukamatwa. Mhujumu alikuwa mtu anayechukuliwa na gari na majirani wanafunga madirisha. Kwa hiyo akina mama wale wale waliocheka Jumamosi, Jumatatu walisimama mbele ya mlango wa ghala, anayejua kusoma akawasomea wasiojua, na wakaondoka kimya. Walikuwepo kwenye mkutano. Walisikia kila kitu kwa masikio yao. Lakini karatasi ilionekana kujua zaidi yao.

Ndani ya siku chache jambo likakua peke yake. Hakuna aliyetaja tena mchanga. Walisema ile hujuma. Wakaanza kuulizana watu wa nje ni nani, na kwa kuwa mnunuzi alitoka Sirari na Mama Bwire alitoka Majita, na kote ni mkoa wa Mara, mtu mmoja akasema ni hao hao watu wa Mara. Wajita wakasikia. Wakahamisha nyavu zao upande wa matete. Wasukuma wakasema wamehama ili wapange mambo yao. Asubuhi moja beseni la dagaa lilikutwa limepinduliwa majini, na kila upande ulijua kwa hakika nani kalipindua, ingawa hakuna aliyeona. Wanawake waliokopeshana chumvi miaka kumi walianza kupitana kama hawajuani. Mimi mwenyewe nilimwona Mama Limi akigeuza uso Mama Bwire alipomwamkia, na baadaye nikamwona amekaa nyuma ya mtumbwi anafuta macho kwa kanga.

Lakini aliyeumia zaidi ni Mama Bwire. Mwanzoni aligomba. Alisimama mbele ya ghala akasema mwenye ushahidi ajitokeze. Hakuna aliyejitokeza, na hakuna aliyemtetea, maana ukimtetea mhujumu na wewe ni nani? Baada ya hapo akanyamaza. Kile kicheko chake hatukukisikia tena. Jirani yake akasema halali na hali chakula. Nikapita siku moja saa sita mchana, wakati hakuna dagaa wa kuanika, nikamkuta amepiga magoti analisugua jabali. Lilikuwa safi. Alikuwa analisugua mahali pale pale, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Kabula. Ni vizuri umepita. Nisomee ile karatasi."

Nilikuwa na daftari. Nikamsomea, macho yangu yakiwa chini.

"Soma tena pale pa kushirikiana."

Nikasoma.

"Hao watu wa nje ni akina nani?"

"Sijui, mama."

"Lazima nawajua, maana imeandikwa nilishirikiana nao. Nafikiri mchana kutwa, siwakumbuki." Akaacha kusugua, akanitazama kama mtoto anayeulizia njia. "Labda nilifanya, Kabula. Labda nilifanya na nimesahau. Mtu anaweza kusahau jambo kama hilo?"

Mimi niliyejua kila kitu, niliyekuwa na kalamu ile ile kifuani, sikumjibu. Nikasema mama ananisubiri, nikaondoka. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kwangu mimi ni kubwa kuliko la kwanza. La kwanza nilidanganyika. La pili nilimwacha mtu peke yake na uongo nilioujua.

Mkutano uliofuata ulikaribia. Ilijulikana kwamba ajenda ya kwanza ni kusoma muhtasari uliopita na kuuthibitisha, na ya pili ni kumwondoa Mama Bwire kwenye kikundi. Akiondolewa, jabali lingepewa mtu mwingine. Baadaye tulikuja kujua kwamba Bwana Ndaki alikuwa amekwisha kulionyesha kwa mfanyabiashara mmoja mwenye lori, aliyetaka mahali pa kupakilia karibu na barabara. Wakati ule mimi sikujua. Niliogopa tu kusimama mbele ya watu na kusoma, kama nilivyoogopa kila mara, kwa hiyo jioni, jua likiwa bado juu ya maji, nikakaa nje ya nyumba yetu nikaanza kujizoeza kwa sauti.

Mama alikuwa kando yangu anachambua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akiondoa vilivyotobolewa na wadudu. Kiswahili cha sokoni alikijua vizuri, alikuwa anauza katika soko la Kirumba kila Jumamosi, ndiyo maana hakuwepo kwenye mkutano ule ingawa naye alikuwa mwanakikundi. Lakini Kiswahili cha mikutano kilimpita. Akasikiliza kidogo, akauliza kwa Kisukuma, "Hayo unayosoma yanasema nini?"

"Ni ya kikundi, mayu," nikamjibu mama.

"Najua ni ya kikundi. Niambie kwa lugha yetu."

Nikaanza kumtafsiria. Tulikutana Jumamosi, sawa. Waliohudhuria ni hawa, sawa. Nikafika kwenye ile sentensi, nikakwama. Nilitafuta neno la hujuma kwa Kisukuma. Nikasema, Mama Bwire ameharibu.

"Ameharibu nini?"

"Uchumi."

"Uchumi ndiyo nini? Gunia? Wavu? Mtumbwi?"

"Mali ya kikundi."

"Mali ipi?"

Nikajaribu upande wa pili. Nikasema, amesaidiana na watu wa nje.

"Watu gani? Wana majina?"

"Hawakutajwa."

"Walifanya nini pamoja?"

Nilimtazama mama yangu, yeye anatazama michembe yake. Nilijaribu kuisema ile sentensi kwa lugha niliyonyonyeshwa nayo, lugha ambayo ukisema mtu ameharibu lazima useme ameharibu kitu gani, na anayekusikiliza yupo mbele yako anakungoja. Haikusemeka. Kwenye daftari ilisimama kama ukuta, lakini nikiibeba kuipeleka kwa mama yangu nilifika mikono mitupu. Nikabaki na kitu kimoja cha kusema, nikakisema: "Mama Bwire alimwambia mnunuzi kwamba dagaa wa chini wana mchanga."

"Walikuwa na mchanga?"

"Walikuwa nao."

Mama akaweka ungo chini. Hakunipandishia sauti, hakuwa mtu wa hivyo.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Kwa nini umeandika kama mtu ambaye hakuwepo?"

Nikamweleza kuhusu mwenyekiti, kuhusu lugha ya muhtasari, hata ile sifa ya mwandiko wangu nikaisema, nikiwa nalia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi sijui kusoma, Kabula. Wenzangu wengi pale mwaloni hawajui. Tulipokuchagua tulikupa macho yetu. Ukiandika tusichokiona, umetupofusha." Akachukua ungo wake, akaendelea. Baada ya muda akaongeza, "Kesho uende kwa yule mama kabla ya mkutano. Usimwache aingie pale hajui kama yuko timamu."

Nikaenda asubuhi. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, nywele hazijasukwa. Nikapiga magoti, nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyarudia njia nzima. "Mama, hukusahau kitu. Hukufanya. Niliandika jambo ambalo halikusemwa. Nilijua siku ile ile."

Nilitegemea anipige. Badala yake akauliza, "Una hakika hukusahau wewe?"

"Sijasahau, mama. Nilikuwepo."

Akashika mkono wangu, ule wa kuandikia, akaubana hadi ukauma. Tukaenda mkutanoni pamoja, na watu wakatutazama.

Nikasimama nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo kama kawaida, na nyuma walisema "Paza, Katibu." Nikasoma hadi mwisho. Bwana Ndaki akasema, "Kama hakuna marekebisho, muhtasari umethibitishwa."

Nikanyoosha mkono.

"Katibu, wewe ndiye msomaji," akasema. "Huchangii."

"Nina marekebisho, Mwenyekiti."

"Katibu hajirekebishi mwenyewe."

Mama Limi akadakia kutoka nyuma, "Muache aseme. Tangu azaliwe hatujasikia sauti yake. Leo imetoka, wewe unataka irudi?"

Watu wakacheka, na kile kicheko kilinisaidia kuliko Mama Limi alivyojua. Nikasema yaliyoandikwa si yaliyosemwa, na aliyeandika ni mimi. Kisha, kwa kuwa sikuwa na hotuba, nikauliza maswali ya mama yangu jinsi yalivyo. Nani aliona kitu kilichoharibiwa? Kitu gani? Watu wa nje ni akina nani, majina yao? Nikangoja. Nikasema, "Aliyesema habari hii siku ile ni Mama Limi. Mama Limi, ulisema nini?"

Mama Limi akasimama, akajifunga kanga vizuri. Hakuwa anacheka tena. "Nilisema alimwambia mnunuzi dagaa wa chini wana mchanga."

"Na walikuwa na mchanga?" akauliza mmoja wa akina mama wa Kijita, kutoka upande wao.

"Mchanga walikuwa nao," akasema Mama Limi. "Magunia mawili yalikuwa yangu. Niliwapika nyumbani waliobaki, mume wangu akauliza kama nimeanza kupika kokoto." Akageuka kwa Mama Bwire. "Hayo mengine mimi sikusema, dada. Lakini nilipoyasikia yakisomwa nikafikiri labda kuna mambo wakubwa wanayajua. Nikakunyima salamu. Unisamehe."

Bwana Ndaki akasema maneno mengi kuhusu nidhamu na maslahi mapana ya kikundi. Mzee mmoja wa kike, Mkerewe, akamuuliza maslahi mapana ni ya nani, ayataje kwa majina. Bwana Ndaki akaketi, nami nikaona kwamba swali la mama yangu liliweza kutumiwa na yeyote.

Wakaamua niandike upya, pale pale, na hakuna kuondoka. Mwanangu, nilivyo mzito wa kuandika, kivuli cha ghala kilihama, na akina mama thelathini walikaa juani kuningoja. Wakati mwingine nilisikia sauti, "Sema tena polepole, hajamaliza herufi m." Kila sentensi niliisoma kwa sauti, ikatafsiriwa kwa Kisukuma na Kijita, wakaikubali, ndipo nikaandika nyingine. Mitumbwi ilikuja, wavuvi wakaita, hakuna aliyeinuka. Sijawahi kuheshimiwa hivyo na watu, na nilikuwa nimewakosea.

Jabali lilibaki la Mama Bwire. Zile nyavu za upande wa matete zilirudi, si siku moja, bali moja moja. Urafiki mwingine haukurudi kabisa, maana yapo maneno watu waliyotupiana ambayo hayakuwa kwenye karatasi na hayakuweza kufutwa kwenye karatasi.

Na Mama Bwire hakupona siku ile. Usidhani ukweli ukisemwa akili inarudi kama mtu aliyeitwa. Miezi kadhaa alikuwa bado anaamka anasugua. Aliniita mara nyingi nimsomee ukurasa mpya, nami nikaenda kila aliponiita, nikasoma kila herufi. Wakati mwingine katikati aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Tulikaa, akanifundisha kuchagua dagaa, akanipa togwa. Jioni moja nilifungua daftari kama kawaida, akalifunga kwa kiganja chake akasema, "Leo niambie habari za huyo kijana wa Buzuruga anayepita kwenu kila Jumapili." Akacheka kile kicheko, na mtu mmoja kwenye mtumbwi akageuka. Kijana huyo ndiye baba yako. Mama Bwire ndiye aliyenipamba siku ya harusi, na sikumwomba, alikuja mwenyewe.

Bwana Ndaki aliacha uenyekiti. Miaka michache baadaye alinikuta Kirumba, akaniambia jambo ambalo nalifikiria hadi leo. Alisema siku alipofukuzwa kwenye ghala la ushirika alipewa barua iliyosema amepunguzwa kutokana na zoezi la marekebisho. "Niliisoma hadi ikachanika," akasema. "Haikusema kosa langu, haikusema nani kaamua. Nikajiona mimi ni kitu kilichozidi. Nikajifunza kwamba mwenye maneno hayo ndiye mwenye nguvu, nikayataka." Aliomba nimsalimie Mama Bwire. Nilimsalimia. Mama Bwire akasema, "Maskini, naye walimwandika."

Ndiyo sababu nashukuru, mwanangu, ninapoikumbuka siku ile. Namshukuru mama yangu aliyeuliza ameharibu nini. Nawashukuru wale waliokaa juani kunisubiri. Namshukuru mwanamke niliyemtia jeraha, akanifanya mtoto wake.

Nasaha yangu ni hii. Siku hizi kila mmoja wenu ni katibu, mnaandika mchana kutwa kwa vidole, na haraka kuliko mimi. Ukikuta mtu amepewa jina baya, msaliti, adui, kibaraka, mchawi, chizi, usilibebe hadi umeuliza: amefanya nini, lini, nani aliona. Ukiambiwa jambo kwa maneno makubwa, lipeleke nyumbani, ukalijaribu kwa lugha ya mama yako. Kama halisemeki mbele ya mtu unayempenda, usiliandike kuhusu mtu usiyempenda. Na maneno laini yachunguze vile vile, yale yanayoficha mkono wa aliyefanya. Ukimwona mtu ameanza kujishuku kwa sababu ya jambo alilosemwa, usingoje mkutano. Nenda kwake asubuhi, kaa naye, mwambie unachokijua, na urudie kila atakapokuuliza hata ukichoka. Na ikiwa wewe ndiye uliyeandika, sema ni wewe. Utatetemeka. Sema ukitetemeka.

Mungu akupe watu wa kukuuliza maswali wakikupenda. Akulinde usiitwe jina ambalo si lako, na ukiitwa, akupe mmoja wa kukushika mkono hadi usikie tena kicheko chako mwenyewe. Na mkono wako, mwanangu, uwe mwepesi au mzito kama wangu, uandike tu yale yaliyotokea ukiwepo.